Macho ya Bisibisi

Siku ya kwanza kumwona mume wangu, alikuwa ametoka kupigwa ngumi ya pua kwa kosa la kumkodolea mtu macho. Alikuwa fundi wa miwani, na ugonjwa wake ulikuwa huo: akikutana na mtu hatazami sura wala nguo, anatazama mboni zinavyocheza. Mbeba magunia mmoja, jitu la mabega mapana, lilidhani linadharauliwa. Likamshindilia moja tu, akakaa chini barabarani, damu inamchuruzika mpaka kwenye vifungo vya shati, na bado anamtazama yule mtu machoni. "Jicho lako la kushoto linachelewa," akamwambia. "Nenda hospitali." Akaongezwa ya pili. Mimi ndiye niliyemwinua, kwa sababu alikuwa ameangukia mlangoni pangu na wateja walikuwa wanashindwa kuingia.

Mlango wenyewe ni wa chumba cha kushonea glovu. Ndiyo kazi yangu mpaka leo: nashona glovu za ngumi zilizopasuka, nabadilisha sponji, nafunga kamba upya. Chumba kiko ubavuni mwa ukumbi wa mazoezi, ukuta mmoja tu katikati, na kutwa nzima nasikia watu wakitwangana. Ukikaa pale mwaka mmoja unajua bila kuchungulia nani kala ya tumbo na nani kala ya kichwa. Tumbo lina mlio mzito. Kichwa kina mlio mkavu, halafu kinafuata kimya kidogo.

Kwa kuwa mkono wangu umezoea sindano na hautetemeki, kocha alinichukua niwe nakaa konani mwa ulingo siku za mapambano, nibane majeraha. Nyusi ikipasuka nina dakika moja. Nafuta damu, natia dawa, nabana kwa vidole viwili mpaka karibu na kengele, kisha napaka mafuta ya mgando na namwachia mtu aende akapigwe tena. Nimeziona nyuso za watu kwa ndani. Sikuwahi kujivunia jambo hilo wala kuona kinyaa, ilikuwa kazi na ilinilisha.

Yule mwenye pua iliyovunjika akanioa. Ukumbini walimwita Kipimo, maana hakuna alichokiacha bila kukipima, na jina likamganda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Alianza na ngozi. Niliwahi kumlalamikia kwamba kuna mabondia ambao nyusi zao hupasuka kwa kuguswa tu, na wengine wanapigwa raundi nane hawatoi hata tone. Akanisikiliza, akaondoka. Baada ya wiki tatu akaja na kikombe cha mpira, ukubwa wa kizibo cha chupa, kimeunganishwa na pampu ndogo na mshale unaotembea juu ya namba. Ukikibandika kwenye ngozi kinaifyonza, kinaiachia, na mshale unakwambia ngozi imechukua muda gani kurudi mahali pake. Ngozi inayorudi polepole ndiyo inayopasuka. Mtu wa kwanza kupimwa nilikuwa mimi, shavuni. Akasoma, akakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya, akasema shavu langu linarudi kama la mtu wa miaka hamsini. Nilikuwa na thelathini na mbili. Alikula mkate mkavu siku mbili na sikumwonea huruma.

Lakini kikombe kilikuwa kinasema kweli. Alipima nyusi za mabondia kumi na wanne, akaandika kwenye daftari ipi itapasuka na ya upande gani, na katika miezi iliyofuata kumi na moja zikapasuka palepale alipoandika. Bondia mmoja, baada ya kusoma jina lake kwenye lile daftari, alimfuata Kipimo kwenye karakana yake ya miwani na kumpiga kichwa cha mdomo, akidai amerogwa. Wiki mbili baadaye nyusi yake ya kulia ikafunguka kama mfuko, na mimi ndiye niliyeibana. Tangu hapo kocha, mtu asiyeamini kitu chochote isipokuwa jasho, akawa anamwamkia mume wangu kwa heshima.

Nyumbani tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mdogo wake, shemeji yangu, bondia wa uzito wa kati. Walimwita Bisibisi kwa sababu ngumi yake ya kulia ilikuwa inajizungusha mwishoni, utadhani anakaza skrubu kwenye taya la mtu. Nilimpenda sana na hatukupatana hata siku moja. Kila asubuhi ilikuwa vita ya maneno. "Shemeji, huyu mzee akikuchosha usihangaike kutafuta, mimi nipo," ananiambia. Namjibu, "Wewe kwanza ujifunze kufua soksi, ndoa utaiweza wapi." Kipimo yuko mezani na bisibisi zake za kweli, hana hili wala lile.

Kilichotuleta kwenye sanduku la kupimia macho ni kifo. Bondia mmoja wa uzito mwepesi, baba wa watoto wawili, alishinda pambano kwa pointi, akashuka ulingoni anacheka, akaingia bafuni kuoga. Tukasikia kishindo. Nilikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa ameanguka kifudifudi chini ya bomba, maji yanamwagikia mgongoni, na nilipomgeuza mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya jingine. Hakuamka tena. Kipimo alikuwa amekaa safu ya pili siku hiyo, na tulipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake. "Raundi ya nne macho yake yalishaanza kuchelewa," akasema. "Niliona. Ila sikuwa na namba ya kumwonyesha mtu."

Akajifungia miezi saba. Sanduku lilipotoka lilikuwa jeusi, ukubwa wa redio ya zamani, lina pahali pa kuegemeza kidevu na tundu mbili za kuchungulia. Ndani kulikuwa na taa ndogo ndogo zimepangwa mstari. Inawaka ya kushoto, inazima, inawaka ya katikati, inazima, inawaka ya mwisho kulia, hivyo hivyo taa arobaini kwa sekunde kumi na tano. Kamera aliyoing'oa kwenye simu mbovu inatazama jicho lako na kuhesabu linachukua muda gani kuifikia kila taa. Mtu mzima asiye na shida anafika katika sehemu mia mbili, ukiigawa sekunde mara elfu. Aliyechoka, aliyelewa au aliyetikiswa ubongo anachelewa. Ikifika mia tatu taa nyekundu inawaka juu ya sanduku. Chini ya hapo ni kijani.

Mpangilio wa zile taa ulikuwa mmoja, haubadiliki. Nilimuuliza sababu, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nikimpa huyu taa hizi na yule taa zile, nitawalinganishaje? Mtihani ni mmoja kwa wote. Hiyo ndiyo haki." Niliona ana hoja. Kila aliyeelezwa aliona ana hoja.

Na jicho la kulinganishia alilipata humohumo nyumbani. Miaka miwili mizima alimpima mdogo wake. Alimpima ameshiba, alimpima ana njaa, alimpima ana homa. Alimlewesha makusudi akampima. Alimwamsha usingizini akamtia kidevu kwenye sanduku kabla hajajua yuko wapi. Akitoka kwenye mazoezi na uso umevimba anakuta sanduku mezani badala ya chakula. Bisibisi alikuwa analalamika kwa mzaha kwamba akioa, mke wake atapimwa kwanza, lakini hakukataa hata mara moja. Mume wangu akipima mtu mwingine alisema, "Huyu yuko nyuma ya macho ya Bisibisi kwa hamsini," kama watu wengine wanavyosema mita na kilo.

Basi chama cha ngumi kikakubali kulijaribu sanduku kwenye pambano la kweli. Kile kifo cha bafuni kilikuwa kimewachafua na walitaka kuonekana wamefanya kitu. Pambano likachaguliwa, Bisibisi dhidi ya mtu mmoja aliyefanya kazi machinjioni na aliyeitwa Mchinjaji tu, kwa kazi na kwa ulingo. Kona zote mbili zikatia saini kwamba kila baada ya raundi bondia atapimwa, na sanduku likisema simama amesimama, likisema endelea anaendelea, kocha asitie neno. Mabwana watatu wa chama wakakaa kwenye meza ya mbele na kalamu zao. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye madirisha.

Asubuhi ile Kipimo alimpima mdogo wake kwa kikombe na kwa sanduku. Nyusi ya kushoto itapasuka, akasema. Macho mia moja na tisini. Kisha akapima na Mchinjaji, na huyo akawa mia mbili na kumi. Akaandika yote.

Raundi mbili za kwanza zilikuwa za shemeji yangu. Alimvunja Mchinjaji pua katika dakika ya pili, nikausikia mfupa, na watu wa safu ya mbele wakafuta damu kwenye mashati. Mchinjaji hakurudi nyuma. Alikuwa mtu wa kutembea mbele tu, kidevu kifuani, anakubali kula tatu ili atoe moja, na hiyo moja akiipeleka mbavuni Bisibisi anainuka kwenye vidole vya miguu. Raundi ya tatu wakagongana vichwa. Nyusi ya kushoto ikapasuka, palepale kikombe kiliposema, ufa wa kuingiza kidole. Nikaibana. Huku nabana, mabwana wa chama walikuwa wanaonyeshana daftari la Kipimo na kutikisa vichwa kwa kukubali. Nami, nisidanganye, nilijisikia fahari.

Raundi ya tano ndiyo iliyotumaliza. Bisibisi alitupa ile ya kulia, ikakosa, na kabla hajaurudisha mkono Mchinjaji akamchapa nyuma ya sikio kwa mkono mzima, kama anapiga nyundo kichwa cha ng'ombe. Magoti yakaenda pande mbili. Akaanguka, akainuka mwamuzi alipohesabu nane, akapigwa nyingine ya shavu, ya pili ya taya, ya tatu sijui ilitua wapi kwa sababu damu ya nyusi ilikuwa imeruka ikaniingia machoni. Kengele ikamwokoa. Alitembea kuelekea kona isiyo yake, na mwamuzi akamshika bega akamgeuza.

Alikaa kwenye kigoda. Nikaanza kufuta. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Mama yuko wapi? Alikuwa hapa."

Mama mkwe wangu hajawahi kukanyaga ukumbi wa ngumi. Anasema hakuzaa watoto ili awatazame wakisagwa. "Mama yuko nyumbani," nikamwambia.

"Alikuwa hapa sasa hivi."

Nikamtazama kocha, na kocha alikuwa ameshachukua taulo. Wakati huo Kipimo ameshamwekea mdogo wake sanduku usoni. Sekunde kumi na tano. Ukumbi ulikuwa unapiga kelele na mimi sikusikia kitu, nilikuwa naangalia taa ya juu ya sanduku tu. Ikawaka kijani.

"Mia moja na hamsini," Kipimo akasema kwa sauti ili meza ya chama isikie. Kisha akarudia, na uso wake ukang'aa. "Mia na hamsini. Ni bora kuliko asubuhi."

"Kipimo," nikamwambia, "huyu ananiuliza mama."

"Kuuliza si kipimo. Macho hayo hayajachelewa hata kidogo."

"Mimi natupa taulo," kocha akasema. "Mtu wangu ameisha."

"Umetia saini."

Kocha akainua mkono, na mume wangu, mtu asiyewahi kumpiga hata paka, alimkamata kifundo cha mkono akakisokota mpaka vidole vikaachia. Akaliweka taulo chini ya kwapa lake. Mabwana wa chama walikuwa wanatazama. Bisibisi naye akasimama mwenyewe, akagonganisha glovu. "Twende," akasema.

Ningeweza kumvuta. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, nilikuwa nimemshika uso. Lakini kikombe kilikuwa kimesema kweli juu ya ile nyusi, na mara kumi na moja kabla ya hapo, na mimi nikajiambia kwamba sanduku linajua kuliko mimi. Nikampaka mafuta. Nikaondoa kigoda.

Ilichukua sekunde arobaini. Mchinjaji alimbana kwenye kamba akampiga za tumbo mbili, mikono ikashuka, kisha akapandisha moja kutoka chini. Kinga ya meno ikaruka na jino ndani yake. Shemeji yangu alishaondoka pale, mwili tu ndio ulikuwa umesimama kwa sababu kamba zilikuwa zinaushikilia, na Mchinjaji akampiga nyingine mbili katika hali ile kabla mwamuzi hajaingia kati. Alianguka chali. Kisogo kikagonga mbao za ulingo. Ulikuwa ule mlio mkavu, na mguu wake wa kulia ukaanza kutetemeka peke yake, na ukaendelea kutetemeka muda mrefu baada ya watu kuacha kushangilia.

Hospitalini walimfungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa imeganda. Hakufa. Siku ya ishirini na sita alifumbua macho, na siku ya arobaini tukamrudisha nyumbani na nusu ya mwili. Upande wa kushoto haukumtii tena.

Hakuna aliyemlaumu mume wangu. Chama kilisema ni ajali ya mchezo, kwamba vipimo vilikuwa safi na kila mtu alifuata utaratibu. Kikaandika barua ya pole, na humohumo kikaomba atengeneze masanduku mengine sita kwa kumbi nyingine. Kipimo aliisoma ile barua akaikunja, akaenda karakana. Jioni hiyohiyo, jua halijazama, akatuma mtu aniite.

Alikuwa amechapa kumbukumbu za sanduku kwenye karatasi mbili ndefu na kuzibandika ukutani. Kila karatasi ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa taa na mmoja wa jicho. "Hii ni ya asubuhi," akasema. Taa inaruka, jicho linaifuata nyuma kidogo. Taa inaruka tena, jicho linafuata. Hata mimi mshona glovu nilielewa. "Hii ni ya baada ya raundi ya tano." Akaweka kidole kwenye mruko mmoja, akakisogeza hadi mwingine. Jicho lilikuwa limeruka kwanza. Taa ikafuata.

"Limefika kabla taa haijawaka," akasema. "Hapa. Na hapa. Hapa limechelewa sana, hapa limewahi. Sanduku limejumlisha, limegawanya, likatoa mia na hamsini. Nililifundisha kutafuta jicho linalochelewa. Sikulifundisha kwamba jicho linaweza kuwahi."

"Linawezaje kuwahi?"

"Taa ni zilezile. Miaka miwili ni zilezile." Alikuwa ananitazama mdomoni badala ya machoni. "Kila bondia mwingine angezikuta ni ngeni. Yeye peke yake ndiye anayezijua kwa moyo. Mtu mmoja tu duniani ambaye hili sanduku haliwezi kumpima, na huyo ndiye niliyempima."

Nilimpiga. Sitaficha na sijutii. Kwenye meza yake kulikuwa na fimbo ya chuma ya kunyooshea fremu za miwani, nikaichukua nikampiga nayo mgongoni na kwenye mikono, na alipojikunja nikampiga kichwani, na damu ilipotoka sikuibana. Kila pigo nilikuwa namkumbuka yule mtu kwenye kigoda anayeniuliza mama yake yuko wapi. Kisha nikalichukua sanduku nikalibamiza kwenye sakafu mpaka taa zote zikatoka nje. Nilipochoka nilikaa chini karibu naye, na hapo ndipo nilipokumbuka nani aliyeondoa kigoda. Nikaitupa ile fimbo pembeni.

Wiki hiyohiyo akaenda kwa mama yake na kumweleza yote, mistari, taa, taulo. Nilikuwepo. Mama alikuwa anatwanga vitunguu saumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kocha alitaka kumtoa, ukamkataza?"

"Ndiyo, mama."

Aliinua ule mchi akamshushia begani. Mtulinga ukavunjika kwa mlio tulioujua wote. Kipimo hakukimbia wala hakuinua mkono, akabaki amesimama mbele yake kama anasubiri la pili. La pili halikuja. Mama akauachia mchi, akatafuta kitambaa, akamfunga mkono mwanawe kifuani.

Kipimo alikiandikia chama. Aliwaeleza kosa lake lilivyo na kuwakataza kutumia sanduku lolote la aina ile. Bwana mmoja wa chama alikuja mwenyewe kumshauri aifute ile barua. "Fundi, hakuna anayekushtaki. Mbona unajitafutia kesi?" Kipimo akamfungulia mlango atoke. Nadhani alikuwa anaitafuta kweli, kesi, na kwa kuwa haikuja akaamua kujihukumu mwenyewe nyumbani.

Maana shemeji yangu alirudi na hasira ambayo haikuwa yake. Upande wa kushoto umekufa lakini mkono wa kulia ni uleule, na akili zinamruka bila taarifa. Mimi amenipiga mara mbili, mara moja akanivunja kidole, na baadaye akalia na kuniomba msamaha kwa ulimi mzito mpaka nikalia naye. Mama alipokuja kumwona alipigwa akaanguka mezani. Tangu siku hiyo Kipimo alisema hakuna mtu mwingine wa kumhudumia ila yeye. Kila asubuhi anambeba hadi bafuni, anamkalisha kwenye kiti cha plastiki, anamwogesha. Na asubuhi nyingi, sabuni ikimwingia jichoni au maji yakiwa ya baridi, ule mkono unatoka. Nikiwa jikoni nasikia. Najua ya tumbo na najua ya kichwa.

Ameng'olewa meno mawili. Sikio la kushoto limevimba halirudi, kama la bondia aliyepigana miaka kumi. Nilimsihi. "Inua mkono basi, kinga uso. Hata yeye akiwa na akili zake angekwambia ukinge." Ananisikiliza, kisha kesho yake anaingia tena mikono ikiwa chini. Nyusi yake nimeibana mara nne. Nikiwa nambana natamani kumkumbatia na natamani kummalizia, vyote kwa pamoja, na nimeshamwambia hivyo.

Mwezi uliopita kulikuwa na asubuhi tulivu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bafu na taulo. Bisibisi alikuwa ameamka vizuri, ametaniana nami tangu kitandani, ananiita bibi kizee. Kipimo alikuwa amepiga magoti kwenye maji anamwosha miguu, na bila kuinua kichwa akauliza jambo ambalo miaka mitatu hakuthubutu kuliuliza.

"Siku ile. Kwenye sanduku, baada ya raundi ya tano. Taa uliziona?"

Shemeji alikuwa anatazama maji. Nikadhani hakusikia, au amekasirika, nikasogea karibu.

"Sikuona kitu," akasema. Maneno yanamtoka moja moja. "Giza tupu. Hata wewe sikukuona. Nilisikia sauti yako tu."

"Sasa mbona hukusema? Ungesema tu, nakuapia ningekutoa."

"Wale mabwana walikuwa wanaangalia." Akameza mate, akapumzika, akaanza tena. "Umehangaika miaka mingapi, kaka. Sanduku lako, siku ya kwanza, mbele za watu, liwashe nyekundu kwa mdogo wako? Nikakumbuka zile taa. Moja moja. Nikazifuata kichwani." Akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. "Namba ilitoka nzuri, siyo?"

Kipimo alikuwa ameushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Ilitoka nzuri."

"Ngapi?"

"Mia moja na hamsini."

Shemeji akatikisa kichwa polepole, ameridhika kabisa, akamnyooshea kaka yake mguu wa pili. Mume wangu akachukua sabuni akaendelea kumsugua, na mimi nikaliweka taulo kwenye msumari nikatoka, kwa sababu sikuweza kumtazama hata mmoja wao.